Nasaba ya Kitumbua

Wananchi wa Kibiti, wa Rufiji na wa visiwa vyote vya delta, mnatangaziwa rasmi kwamba Kituo cha Kisasa cha Uzalishaji na Ulezi wa Mbwa wa Nasaba Halisi kimefunguliwa, na kwamba kuanzia sasa hakuna sababu ya raia yeyote kulindwa na mbwa asiyejua babu yake ni nani.

Kituo chenyewe kilikuwa banda la kuku la mama mdogo Habiba. Kuku walihamishiwa jikoni bila notisi. Tangazo niliandika mimi, kwa rangi ya mlango iliyobaki, juu ya ubao wa meza iliyovunjika. Lilisimama kando ya barabara mpaka mbuzi wa jirani alipojikuna kwenye nguzo yake, likaanguka kifudifudi, na mpaka leo hakuna aliyeliinua.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa baba mdogo Mwinyimvua. Kwa miaka mingi alikuwa mshika mbwa wa kampuni moja ya ulinzi Dar es Salaam. Wenzake walistaafu wakarudi kwao na maumivu ya mgongo. Yeye alirudi Kibiti na maumivu ya mgongo pamoja na Sultana, mbwa jike wa aina inayoitwa rijibeki. Rangi yake ni ya ngano iliyoiva, mwili mzima, bila doa. Mgongoni ana mstari wa manyoya yanayoota kuelekea kichwani badala ya kuelekea mkiani, na mstari huo ndio cheo chake. Mama mdogo alipouona mara ya kwanza alisema, "Huyu kasukwa na mtu mwenye haraka."

Mama mdogo hakumkataa Sultana. Kwetu mbwa wa kulinda hana kosa, na akiwa mkavu mnaweza kupishana naye uani kwa amani. Kazi inaanza akilowa. Ute wake ukikugusa, unaosha mara saba, na mojawapo iwe kwa udongo. Kwa hiyo mama mdogo aliweka sharti moja tu: pale bombani iwepo ndoo ya udongo safi siku zote, na isipungue.

"Nani ataijaza?" baba mdogo aliuliza.

"Mwenye mbwa."

Mwenye mbwa, kwa tafsiri ya nyumba ile, nilikuwa mimi kila nikija likizo. Jina langu Yasmini. Wazazi wangu wako Mtwara kikazi, mimi nasoma shule ya bweni ya wasichana, kidato cha tatu, na likizo nakaa kwa baba mdogo. Shuleni najulikana kwa uongozi. Muhula uliopita nilifyeka majani nyuma ya bweni kwa kosa la kugonga kengele ya chakula katikati ya kipindi cha hesabu. Wanafunzi mia nne walinifuata bila kuuliza. Ni walimu wangapi wanaweza kusema hivyo?

Sasa nirudi kwenye nasaba.

"Watu wengi wanafungua geti tu, wanasubiri," baba mdogo aliniambia Desemba. "Huo si ufugaji, mwanangu. Huo ni uzembe wenye mkia." Alingoja Sultana akomae kwanza, akapita umri wa miaka miwili. Akamwita bwana mifugo apime nyonga zake, macho yake, moyo wake. Kisha akatafuta mchumba.

Mchumba alipatikana Ndundu, karibu na daraja, kwa Bwana Sadala, ambaye ana nyumba ya wageni yenye maua ya plastiki mpaka bafuni. Dume lake liliitwa Kanali. Tulikwenda ujumbe wa watu watatu: baba mdogo, mzee mmoja wa kuleta heshima, na mimi kama katibu. Tulikaribishwa soda. Baba mdogo akasafisha koo.

"Bwana Sadala, kwenu kuna ugonjwa wa nyonga?"

"Kwetu sisi, au kwao mbwa?"

"Kwao."

"Hakuna. Baba yake alikufa mzee, anakimbia."

"Kanali amewahi kumuuma mtoto?"

"Hajawahi. Alimuuma wakala wa king'amuzi."

Baba mdogo akaona hilo halivunji ndoa.

Tuliporudi nyumbani, nikasoma kumbukumbu za kikao kwa sauti. Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Hebu ngoja, Mwinyimvua. Wewe uliponiposa mimi, nyonga uliuliza?"

"Nyonga nilikuwa naziona."

Nikatazama dari, kama tunavyofundishwa na matroni.

Makubaliano yalikuwa ya desturi ya wafuga mbwa: mwenye dume halipwi kitu, ila watoto wakizaliwa ndiye anayechagua wa kwanza. Akinyoosha kidole, amechagua, na hakuna rufaa. Wakati huo nililiona jambo dogo.

Sultana alipopata joto mimi nilikuwa shule, kwa hiyo haya nimesimuliwa. Alifungiwa ndani kama mwali. Mbwa wote wa Kibiti walipata habari siku hiyo hiyo, sijui nani aliwaambia, na wakaja wakakaa nje ya ukuta kama watu wanaosubiri pembejeo za ruzuku. Kiongozi wao alikuwa mbwa koko mwenye madoa meusi ambaye hulala chini ya banda la chipsi pale stendi. Watu humwita Diwani, kwa sababu hakosi panapoliwa. Mama mdogo alihamisha kigoda chake mlangoni akakaa hapo na ufagio wa chelewa, akamenya mihogo hapo, akapokea wageni hapo, akasali chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Diwani alipigwa ufagio wa pua mara nyingi kiasi kwamba mpaka leo akimwona mama mdogo anavuka barabara. Kisha Kanali akaletwa kwa gari la Bwana Sadala, ndoa ikapita kwa heshima, na Kanali akarudi Ndundu.

Niliporudi likizo ya Juni, watoto wanane walikuwa wamekwishafumbua macho.

Baba mdogo alinikabidhi Idara ya Malezi. Alisema mtoto wa mbwa lazima aizoee dunia mapema, vinginevyo atakuja kuiogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma. Kila siku nilitakiwa kumshika kila mmoja, kumgeuza, kumtazama masikio, kumshika vidole. Nilitakiwa pia kuwasikilizisha dunia. Nikawapigia mifuniko ya sufuria. Nikamlipa bodaboda kwa kipande cha muhogo apige honi mbele ya banda. Nikawahutubia kwa sauti ya mkuu wangu wa shule, "Mko hapa kwa sababu wazazi wenu wamejinyima," na hata mmoja hakulia, jambo ambalo kidato cha kwanza hawakuliweza.

Walipewa dawa ya minyoo kwa wakati. Uji wao ulikuwa na dagaa. Wakikojoa, magunia yalibadilishwa. Na baba mdogo alikataza jambo moja.

"Usiwape majina. Majina watapewa na watu wao. Ukimpa mbwa jina umeshamfunga kwako."

Kwa hiyo walifungwa nyuzi za rangi shingoni, na yule wa uzi mwekundu hakupewa jina. Mimi nilimwita Kitumbua tu.

Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Wenzake wakipigania maziwa, yeye aliingia chini kimya kimya, akatokea upande wa pili ameshiba. Nikikaa kwenye tofali langu, wengine walitafuna kandambili zangu, yeye alipanda juu ya mguu wangu, akalala hapo, akanilowesha kisigino kwa ute mpaka nikaona aibu kuondoka. Halafu nilikwenda bombani. Mara saba, moja kwa udongo. Nikarudi, akapanda tena. Nikaenda tena. Kisigino kilianza kupasuka.

"Maskini, mtoto kaanza kupenda kunawa," mama mdogo alimwambia jirani. "Shule inasaidia."

Sikumwambia mtu. Mtu mwenye sifa kama zangu hawezi kuonekana analia lia kwa ajili ya mbwa. Nilipanga nimwombe baba mdogo kwa hoja, siku moja, kwa lugha ya kiofisi: kituo kinahitaji mbwa mmoja wa kielelezo, abaki, naye awe yule wa uzi mwekundu kwa sababu za kitaalamu.

Kabla sijapata maneno, Bwana Sadala alikuja kuchagua.

Alivaa miwani ya jua. Aliwapanga wote wanane juu ya ukingo wa kibaraza, akapita nyuma yao akitazama migongo kama mtu anayenunua mbao. Akasimama.

"Huyu. Mstari umenyooka kama lami mpya."

Alikuwa ameshika uzi mwekundu.

"Utamfuga vipi?" nikauliza. Wanunuzi wengine wote walihojiwa. Mmoja aliyesema atamfunga mnyororo mchana kutwa alionyeshwa geti. Mwingine aliyetaka mtoto wa wiki tano alihutubiwa kuhusu ziwa la mama mpaka akaomba maji.

"Nitamtengenezea kibanda cha nondo pale mapokezi," Bwana Sadala akasema. "Vioo, taa, jina la hoteli juu. Mgeni akiingia, jambo la kwanza anamwona yeye. Akimaliza wiki nane naja kumchukua."

Alipoondoka nikamfuata baba mdogo.

"Hawezi kuchagua mwingine?"

"Ana haki ya kwanza."

"Lakini kibanda cha nondo, baba mdogo."

Niliona halikumpendeza. "Nitazungumza naye kuhusu kibanda," akasema. "Mbwa ni wake. Nilimpa neno langu."

Hapo ndipo taaluma ikahitajika.

Baba mdogo alikwenda msibani Utete, akakaa huko siku kadhaa. Mama mdogo alikuwa kwenye harusi ya jirani, na alikuwa ameacha bakuli la piko dirishani, lile la kuchorea bibi harusi, jeusi linalong'aa. Nikalitazama. Nikamtazama Kitumbua, wa rangi ya ngano mwili mzima, bila doa, mwenye thamani kubwa kiasi cha kufungiwa nyuma ya kioo. Nikajiuliza swali la kisayansi: mbwa huyu akiwa na madoa, Bwana Sadala atamtaka?

Nilimpaka doa moja kuzunguka sikio na jingine kubwa ubavuni mpaka karibu na tumbo. Alipiga chafya mara moja. Nilimkinga na upepo mpaka pakakauka, nikampangusa kwa kitambaa chenye maji, nikatupa kitambaa chooni. Alikuwa amependeza. Alifanana kidogo na Diwani, lakini Diwani wa familia nzuri.

Baba mdogo aliporudi alikwenda bandani kabla ya kuvua viatu. Kisha nikasikia ndoo ikigeuzwa. Alikuwa ameikalia.

"Yasmini. Njoo utazame. Huyu ana nini?"

Nilimtazama Kitumbua kwa uzito unaostahili. "Baba mdogo, tumesoma Biolojia. Kuna tabia fiche. Zinajificha kwenye damu, halafu siku moja zinajitokeza. Manyoya ya utoto yanapodondoka, yanakuja yale ya ukweli."

"Yanakuja kwa siku tatu?"

"Juni ni mwezi wa baridi," nikasema. "Yanaharakishwa."

Sikutegemea akubali. Lakini baba mdogo aliishia darasa la saba, na mtu wa kidato cha tatu akisema Biolojia anavua kofia. Alimgeuza Kitumbua, akamtazama, akamrudisha kwa mama yake taratibu. Kisha akasema jambo ambalo ni la kweli kabisa, na ambalo mimi sikuwa nimelifikiria.

"Mbwa jike anaweza kubeba watoto wa madume mawili kwa mimba moja. Kama huyu baba yake ni mwingine, siwezi kuapa juu ya yeyote kati ya hawa wanane."

Akachukua simu. Nilidhani atamwambia Bwana Sadala tu. Aliwapigia wanunuzi wote, mmoja baada ya mwingine, akisimama wima kama askari anayejisalimisha. "Shikamoo, mzee. Nimekupigia kuhusu yule mtoto. Damu ina shaka. Ukiona huwezi kumchukua, nitakuelewa." Watatu hawakuweza.

Halafu akaingia jikoni.

"Habiba, siku zile Sultana yuko ndani, geti lilifunguliwa?"

Mama mdogo alikuwa anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Unasemaje?"

"Nauliza tu. Yule mtoto ana madoa. Yale ya Diwani."

"Mwinyimvua! Nimelinda mabinti wanne wa ukoo wenu, wote wameolewa kwa heshima, mmoja wao mkorofi kama nini. Leo nishindwe kulinda mbwa?"

"Sijasema umeshindwa."

"Umesema Diwani kaingia! Diwani kaingia kwangu, mimi nimekaa mlangoni, nina ufagio? Kapita wapi, kapita dirishani na ngazi?"

"Basi madoa yametoka wapi?"

"Muulize mwenye madoa!"

Usiku ule tulikula wali bila nazi. Kesho yake nazi ilikuwepo, ila mama mdogo aliuleta wali mezani bila kumtazama mtu, na akatangaza kwamba anakwenda kwa kaka zake Ikwiriri, na hatarudi mpaka Diwani aje mwenyewe kuomba radhi.

Wasomaji wangu mtasema: hapo si ungesema? Nami nawajibu kwa heshima kwamba kusema kungemrudishia Kitumbua usafi wa damu, na usafi wa damu ungempeleka nyuma ya kioo Ndundu. Nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri, nikasaidia hata kumfungia mama mdogo mzigo, na kila nilipokunja khanga moja nilijisikia kama mtu anayekula chakula cha mgonjwa.

Bwana Sadala alisema hataki habari za kwenye simu, atakuja kuona kwa macho Ijumaa baada ya swala. Ijumaa, baba mdogo alipokwenda swala, nikamkagua Kitumbua, nikaona msiba. Sultana alikuwa amemlamba ubavu wote, kama mama yeyote mwenye mtoto mchafu, na doa limekuwa rangi ya chai. Bakuli la piko nilikuwa nimelificha uvunguni mwa kitanda changu. Nikapaka upya, haraka haraka, nene. Mama mdogo akaniita nikamsaidie kubeba mzigo wake mpaka kibarazani. Sikupata nafasi ya kulikausha doa.

Walirudi kutoka msikitini watu watatu: baba mdogo, Bwana Sadala, na mgeni mmoja ambaye baba mdogo alikuwa amekutana naye kwenye mkeka. Aliitwa Mtoro, mkulima wa mpunga na mkata mikoko kutoka Kiongoroni, kule karibu na bahari. Alikuwa amekuja Kibiti kwa shughuli zake, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Mimi nilishapewa kazi ya kumleta Kitumbua. Nikamweka kibarazani, doa limeelekea upande wa Bwana Sadala.

Bwana Sadala akavua miwani ya jua.

"Mwinyimvua. Huyu si mjukuu wa baba yake Kanali."

"Ndivyo ninavyoogopa."

"Nikimweka huyu kwenye kioo, wageni watadhani hoteli imefilisika." Akatazama banda. "Nipe yule wa uzi wa kijani. Yule anaonekana kweli ni wetu."

Nilishinda. Nawaambieni nilishinda kabisa, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi moja. Kisha Mtoro akasema, "Na huyu mwenye doa mnamtupa?"

"Hatutupi mbwa hapa," baba mdogo akasema. "Lakini huyu sitamuuza. Siuzi kitu nisichokijua."

"Basi nipe. Mimi nguruwe pori wanamaliza mpunga wangu. Nataka abweke tu. Nguruwe hawaulizi ukoo."

Baba mdogo akaanza kumhoji, na kwa huzuni yangu Mtoro alijibu vizuri. Atalala wapi? Kwenye dungu la kulindia mpunga, pamoja na mimi. Atakula nini? Ninachokula, samaki hawakosi. Chanjo ya kichaa? Nitamleta mwenyewe kwa mashua. Mamba? "Mamba wapo, nisikudanganye. Nitamfundisha kukaa mbali na maji."

"Kiongoroni ni mbali," nikasema.

"Mashua moja tu kutoka Nyamisati," Mtoro akasema, akacheka, akainama, akamwinua Kitumbua, akamkumbatia kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa dada yake.

Mama mdogo, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake akingoja bodaboda ya Ikwiriri, alikuwa wa kwanza kuona.

"Bwana mgeni, umelowa."

Mtoro akatazama chini. Kifua cha kanzu na mkono wa kulia vilikuwa vimegeuka vyeusi.

"Ah, kanilowesha tu. Si kitu, nitaosha." Akamrudisha Kitumbua chini, akaenda bombani. Mama mdogo hawezi kumwona mgeni anajimwagia maji mwenyewe, hata siku ambayo anaikimbia nyumba. Akainuka akachukua kopo.

Wakaosha. Mama mdogo alimimina akihesabu kwa sauti, Mtoro akasugua. Mara ya kwanza kwa udongo. Ya pili. Ya tatu. Walipofika ya saba, Mtoro akainua mkono juani.

Mweusi.

"Labda udongo ulikuwa kidogo," baba mdogo akasema.

"Labda umehesabu haraka, bibie," Bwana Sadala akasema. "Ile ya nne na ya tano ziliungana."

"Mimi nimehesabu haraka?" Mama mdogo akavuta pumzi. "Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Udongo ulikuwa mwingi safari hii, Mtoro alionekana kama anayefinyanga chungu. Wanaume wote wawili walisogea kusimamia hesabu, wakahesabu pamoja naye, kama watoto wa chekechea. Moja. Mbili. Mimi nilisimama nyuma ya nguzo nikiwa nimeficha mikono kwenye khanga. Sita. Saba. Mkono ukatoka kwenye maji, safi, twahara, halali kabisa kwa swala yoyote, na mweusi vilevile.

Mama mdogo aliushika ule mkono wa mgeni bila kuomba ruhusa. Akausogeza karibu na pua.

"Najisi ya mbwa haina rangi," akasema polepole. "Hili ni piko."

Kopo lilikuwa linadondosha maji.

"Piko langu. Lile lililopotea dirishani." Akageuka. "Yasmini. Toa mikono."

Nikatoka nyuma ya nguzo. Nilikuwa bado na matumaini ya kuokolewa na ufasaha. "Mama mdogo, baba mdogo, wageni waalikwa," nikaanza, "kabla ya kulaumiana, ni vema tukazingatia kwamba katika mazingira ya utafiti..."

"Mikono."

Nikaitoa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha.

Nilijiandaa kwa kofi, au kwa kelele, au kwa ile hotuba ya wazazi wako wamejinyima. Baba mdogo hakunitazama hata mara moja. Alikuwa ameshapiga magoti kibarazani, amemgeuza Kitumbua chali, anampangusa ubavu kwa kofia yake ya swala iliyolowa. Chini ya weusi, karibu na tumbo, ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba vipele. Kitumbua alijikunja akalia kwa sauti ndogo. Sikuwahi kumsikia akilia. Ndiyo maana alikuwa anajikuna tangu juzi, na mimi nikasema viroboto.

"Hii dawa inaunguza ngozi ya mtu mzima," baba mdogo akasema. "Amelamba? Mama yake amelamba? Sema haraka."

"Sultana amelamba. Ile ya kwanza. Ya leo bado."

"Lete maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Habiba, nipigie bwana mifugo." Mama mdogo alikuwa ameshapiga. Baba mdogo akainua kichwa kwa wageni. "Nisameheni. Huyu leo haendi Ndundu wala Kiongoroni. Mgonjwa hatoki hapa mpaka apone, hata angekuwa mtoto wa sultani."

Bwana Sadala akakaa kwenye ngazi. Mtoro alisema hana haraka, akakunja mkono mweusi wa kanzu, akamshikia Kitumbua kichwa huku anaoshwa.

Nilileta maji. Nilitaka kumshika, baba mdogo akasogeza mkono wangu, si kwa hasira, kama mtu anayesogeza kijiko kilichoachwa njiani.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nilifikiri kwamba kwa kuzingatia maslahi mapana ya..."

"Yasi," mama mdogo akasema. "Sema kama mtu."

Nikajaribu kutafuta mzaha mwingine. Huwa haukosekani. Nilitazama huku na huku kwenye kichwa changu, na kulikuwa na yule mtoto amelala chali, macho yake kwangu, mkia unapiga sakafu kwa sababu alidhani tunacheza.

"Nilimpa jina," nikasema. "Ulikataza, nikampa. Anaitwa Kitumbua. Analala mguuni kwangu. Sikutaka akae kwenye kioo, nikampaka ili asitakiwe na mtu, abaki hapa, abaki na mimi. Mama mdogo hakufungua geti. Diwani hakuingia. Watoto wote wanane ni wa Kanali, wapigie wale watu uwaambie. Biolojia ile niliitunga. Niliona mama mdogo anafunga mzigo, nikamkunjia khanga, na sikusema. Sikujua kama linaunguza, baba mdogo. Wallahi sikujua. Lakini juzi alijikuna, nikaona, na leo nikapaka tena."